Ruhusa ya Kutua

Wiki aliyouawa Hasani, Makrina alikuwa amefika mahali pa kusinzia akiwa wima. Alikuwa anaweza kupiga mswaki asubuhi, akashtukia maji yanamwagika miguuni na yeye hajui bomba limefunguliwa tangu lini. Alikuwa mwongoza ndege kwenye kiwanja kidogo kilichojengwa na wachimba madini upande wa Mtua, nje ya mji wa Nachingwea. Tangu Jofrey, mwenzake wa zamu, ahamishiwe kaskazini, mnara ule ulikuwa wake peke yake, kuanzia jua linapochomoza mpaka ndege ya mwisho iondoke.

Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mmoja anazungumza na walio angani. Mwingine anaangalia chini: magari, mbuzi, akina mama wanaokatisha kwenda mashambani, na chochote kilichoingia kwenye njia ya kutulia ndege. Makrina alikuwa anafanya yote mawili, na simu ya mezani anaipokea yeye.

Mara kadhaa alikwenda kumwona Saleh, meneja wa kiwanja.

"Bosi, nahitaji mtu wa pili."

"Anakuja. Vumilia, msimu utapita."

"Siku nitakayokosea mimi, halitakuwa kosa la kwenye karatasi."

Saleh alicheka kwa upole, akamwambia anamwamini. Hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa na wakubwa wake Dar es Salaam wanaompigia simu usiku na mchana, na kwao neno pekee lililopendeza lilikuwa "hakuna tatizo".

Msimu wenyewe ulikuwa wa Julai, na anga ilijaa kuliko alivyowahi kuiona. Kweleakwelea walikuwa wameshukia mtama na mpunga wa Chiola, kwa hiyo ilikuwepo ndege ya manjano ya kunyunyizia sumu, ikirushwa na rubani mmoja mcheshi aitwaye Agapiti. Zilikuwepo ndege za wafanyakazi wa migodini wanaopokezana zamu. Zilikuwepo za wageni, wazungu kwa Waafrika, waliokuja kuangalia madini ya Ruangwa na Nachingwea na kuondoka kabla vumbi halijawashika viatuni.

Hasani ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la kiwanja. Alizaliwa palepale Mtua, Mmwera, mtu wa makamo, mwenye mikorosho yake nje ya uzio. Redio yake ya mkononi ilikuwa imekufa siku nyingi na nyingine ilikuwa "inakuja", kama mtu wa pili wa Makrina. Kwa hiyo kila alipotaka kuingia kwenye njia ya ndege alipanda ngazi za mnara mwenyewe, akavua kofia mlangoni.

Asubuhi ile alipanda akiwa na muhogo wa kuchemsha kwenye kibakuli.

"Dada Makrina, kula kwanza. Macho yako yamekuwa mekundu kama ya mvuta bangi."

"Asante, kaka. Unaingia?"

"Yule mnyama mhanga amechimba shimo pale kati, kwenye bonde. Nataka nilifukie kabla wageni hawajaja. Unaniruhusu?"

"Ingia. Nikikutaka utoke nitakupigia simu."

"Haya. Nipo mikononi mwako."

Akashuka. Makrina akachukua kibao chekundu, akakilaza juu ya kipaza sauti. Ndivyo walivyofundishwa: kitu kikiwa njiani, weka kibao, ili mkono wako usiweze kushika kipaza sauti bila kukigusa. Kiwanja kile kilikuwa na kasoro moja, kwamba katikati yake paliinama, na ndege iliyokuja kutua kutoka magharibi, ikilitazama jua la asubuhi, haikuweza kuona kilichokuwa kule bondeni mpaka ikaribie mno. Makrina aliweza kukiona. Alichotakiwa ni kuinua macho tu.

Kisha vyote vikaja kwa pamoja.

Agapiti aliita kutoka Chiola akisema upepo umebadilika, sumu inapeperukia nyumba za watu, na mafuta yake yanapungua. Redio ya ndege yake ilikuwa imeganda kwenye masafa ya kikosi cha kilimo tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo Makrina alizungumza naye kwa redio ya pembeni, tofauti na ile kubwa. Kwenye redio kubwa akaita Methodius, rubani wa ndege ya wafanyakazi wa mgodini, akitokea pwani, ndani wako watu kumi na mmoja pamoja naye. Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa Saleh.

"Wageni wako wapi? Wakuu wameshafika getini."

"Wako njiani, bosi. Niache nifanye kazi."

Akakata. Simu ikalia tena. Saleh tena, safari hii anataka kujua kama wageni watashukia upande wa kivuli. Waya wa simu ulikuwa umepita chini ya kibao chekundu. Makrina alikivuta kibao pembeni ili aufungue ule waya, akamjibu Saleh, akamjibu Agapiti, akampa Methodius mwinuko wa kukaa. Kibao kilibaki ukingoni mwa meza, kando ya kibakuli cha muhogo.

Ndege ya wageni ikaita kutoka magharibi. Rubani alikuwa mgeni, sauti imetulia, anaomba kutua.

"Una ruhusa ya kutua," Makrina akasema kwa Kiingereza. Akageukia redio ya pembeni kumsikiliza Agapiti, aliyekuwa katikati ya sentensi.

Ni Agapiti aliyemzindua, bila kujua. Alisema, "Nisubiri mpaka njia iwe wazi?" Na lile neno, njia, likamkumbusha Makrina kibao chekundu. Aliinua macho. Trekta jekundu lilikuwa bondeni, limesimama. Hasani alikuwa amepiga magoti, anashindilia udongo kwa mikono yake. Ndege nyeupe ilikuwa imeshavuka uzio.

"Paa. Paa sasa hivi. Kuna trekta njiani. Paa."

Rubani alijitahidi. Injini zilinguruma mpaka vioo vya mnara vikatetemeka, pua ya ndege ikanyanyuka, na kwa kitambo kidogo Makrina aliamini imepita. Gurudumu la kushoto likanasa paa la trekta. Lile paa liling'oka kama kifuniko cha kopo. Ndege ikageuka ubavu, bawa likachimba ardhi, ikajipindua mara mbili ikimwaga mabati na viti na mizigo. Ilipotulia moto uliwaka mara moja, bila kujiuliza. Trekta liliburuzwa mpaka kwenye nyasi kavu na nyasi zikashika.

Hasani hakuwa tena pale alipokuwa amepiga magoti. Makrina alimwona mbali, upande wa pili wa njia, amelala namna ambayo mtu mzima halali.

Zimamoto walitoka na gari lao, Ramadhani akiwa mbele, ameshika mpira wa maji. Watu wanne walitambaa kutoka kwenye mkia wa ile ndege, mmoja nguo zake zikiwaka mgongoni. Wengine hawakutoka. Makrina alisikia sauti nyembamba ikilia mle mnarani, ikamchukua muda kutambua kwamba inatoka kooni mwake. Akaifunga.

Kwa sababu angani bado kulikuwa na watu.

Moshi ulikuwa umeshaziba njia yote. Agapiti hakuweza kutua pale, na mafuta yake yalitosha kufika sehemu moja tu, kiwanja cha vumbi cha Ruangwa. Methodius naye hakuwa na pengine pa karibu zaidi. Wote wawili wangekwenda Ruangwa, katika ukungu wa asubuhi na moshi wa mashamba, na hawakusikiana. Mtu pekee duniani aliyewasikia wote wawili alikuwa yeye.

"Agapiti, nenda Ruangwa. Kaa chini, futi elfu mbili, usipande hata kidogo. Unatangulia wewe."

"Nimekuelewa. Huko kwako kumetokea nini?"

"Nenda."

"Methodius, Ruangwa. Futi elfu nne. Usishuke mpaka nikuambie."

Kisha akachukua simu yake ya mkononi, akampigia Aneth, mwalimu wa shule ya msingi iliyopakana na kiwanja kile cha Ruangwa. Walifahamiana kwa kuimba kwaya moja wakati Aneth alipokuwa bado Nachingwea.

"Watoto wako wapi?"

"Wako uwanjani, wanafanya mazoezi. Kwa nini unapumua hivyo?"

"Watoe wote kwenye njia ya ndege. Na mbuzi na baiskeli. Ndege mbili zinakuja. Aneth, usiniulize kitu, wapigie kengele."

Aneth hakuuliza. Kabla simu haijakatika Makrina alisikia chuma kikigongwa.

Hapo ndipo aliposikia kelele chini ya mnara.

Watu wa mashamba ya jirani walikuwa wameona kila kitu. Walikuwa kwenye mikorosho wanapalilia, na mmoja wao alikuwa Hemedy, mdogo wake Hasani, tumbo moja. Aliiona ndege ikimjia kaka yake, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika, na Hasani hakumsikia kwa ngurumo. Akaruka uzio wa seng'enge uliomchana mapaja. Akamkuta kaka yake. Akamfunika kwa shati lake. Halafu akauliza, nani anaziongoza ndege hizi, na mtu akanyoosha kidole juu.

Mlinzi wa getini alijaribu kuwazuia, wakamwangusha, wakampita juu. Gari la Saleh lilikuwa linaonekana likiondoka kuelekea mjini, mlango wa nyuma haujafungwa. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha upande wa kusini na vipande vikamnyeshea Makrina kichwani. La pili likampata begani. Akashuka kitini, akapiga magoti chini ya meza, akakivuta kipaza sauti mpaka alipo.

"Methodius, uko wapi?"

"Naiona Ruangwa kwa shida. Kuna ukungu. Naomba kushuka."

"Bado. Kuna ndege chini yako. Kaa hapohapo."

Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi. Teke moja uliitikia, la pili ukatoka na bawaba zake. Hemedy aliingia kifua wazi, damu ya kaka yake imemlowanisha mpaka kiunoni, panga la palizi mkononi. Nyuma yake wanaume wengine walijazana kwenye ngazi.

"Ni wewe?" alimuuliza.

"Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyemuua?"

"Ni mimi niliyemruhusu kuingia. Kisha nikairuhusu ndege. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?" Akasema na maneno mengine kwa Kimwera, ambayo Makrina hakuyaelewa na hakuhitaji kuelezwa.

"Kuna watu kumi na wawili juu. Hawajafika chini. Wakifika, fanya unachotaka."

Panga likashuka. Makrina aliinua mkono wa kushoto, na mkono ukalipokea. Hakusikia maumivu, alisikia mlio tu, kama mtu anayekata muwa. Vidole viwili vya mwisho vikaanguka juu ya mkeka wa plastiki. Mkono wa kulia ulikuwa bado umebana kitufe.

Sauti ya Methodius ikajaza chumba. "Mnara, kuna nini huko? Nasikia watu."

"Futi elfu nne," Makrina akasema. "Zunguka upande wa kaskazini. Usishuke."

Pigo la pili lilimpata begani, palepale pa jiwe, likakwama kwenye mfupa. Hemedy alipolichomoa alipoteza mizani, na la tatu likamkosa Makrina, likaangukia redio ya pembeni. Cheche ziliruka. Redio ile ilikoroma, ikanyamaza. Ndiyo aliyokuwa akizungumza na Agapiti.

Makrina alifumba macho. Kichwani mwake aliiona ndege ya manjano ikiwa peke yake ndani ya ule weupe, rubani wake anaita na hajibiwi. Rubani asiyejibiwa hupanda juu kutafuta mawimbi. Angepanda Agapiti pia, maana ndivyo wote walivyofundishwa. Na juu yake palikuwa na Methodius.

"Methodius, geuka kushoto sasa. Kushoto kabisa, elekea milimani. Panda futi elfu sita. Ndege iliyo chini yako inaweza kupanda, nimepoteza mawasiliano nayo. Geuka."

"Nageuka."

Hemedy aliinua panga mara ya nne. Mmoja wa waliokuwa ngazini akasema, "Basi, Hemedy, basi, mwache aongee na hao watu." Hemedy hakumsikia. Ramadhani wa zimamoto ndiye aliyepenya katikati yao, uso mweusi kwa masizi, amebeba kichwa cha chuma cha mpira wa maji. Alimpiga nacho Hemedy juu ya sikio kwa nguvu zake zote, na Hemedy akaanguka kifudifudi juu ya vioo. Wale wa ngazini wakamrukia Ramadhani, wakamburuza chini wakimpiga mateke. Mnarani akabaki Makrina, na mtu aliyelala miguuni pake anakoroma damu.

Redio kubwa ikakwaruza.

"Mnara." Sauti ya Methodius ilikuwa imebadilika. "Imepita chini ya bawa langu. Ya manjano. Nimemwona rubani usoni."

"Ipo?"

"Ipo. Imeniona. Inashuka." Redio ikakwaruza tena. "Imetua. Watu wanaikimbilia."

"Haya. Sasa una ruhusa," Makrina akasema. Na hakuweza kumalizia kwamba ruhusa ya nini.

Methodius alitua Ruangwa akiwa na abiria wake wote. Aneth alisimulia baadaye kwamba watoto walipiga makofi, wakidhani ni maonyesho.

Makrina alizinduka hospitalini mjini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Alipouliza, aliambiwa. Hasani. Rubani wa wageni na msaidizi wake. Abiria watatu. Ramadhani alikuwa wodi ya pili na mbavu zimevunjika. Hemedy alikuwa chumba cha pembeni, amefungwa pingu kitandani, sikio moja halisikii tena.

Saleh alikuja akiwa na matunda kwenye mfuko. Alikaa muda mrefu anayaangalia yale matunda.

"Makrina, wachunguzi wanakuja. Nimezungumza na watu. Hasani hakuwa na redio, sivyo? Mtu asiye na redio hana ruhusa. Aliingia mwenyewe."

"Alipanda ngazi. Akaniomba. Nikamwambia ingia."

"Nani alisikia?"

Makrina alimtazama. Alikuwa na homa, na midomo imekauka, lakini kichwa kilikuwa kimetulia kuliko siku nyingi. Alikuwa amelala siku mbili mfululizo.

"Nilisikia mimi. Chukua matunda yako, bosi."

Uchunguzi ulifanyika kwenye ukumbi mmoja Ruangwa, na watu wa Mtua walikuja kwa malori kusikiliza. Makrina alisimama mbele yao. Alisema alimruhusu Hasani, kisha akamsahau, na ndiyo sababu watu wakafa. Mstari wa nyuma mtu akaanza kupiga kiti kwa ngumi, polisi wakamtoa. Mkuu wa wachunguzi alimuuliza kama ana la kujitetea. Alisema hana la kujitetea, ana la kueleza. Akaeleza kuhusu kiti cha Jofrey kilichokaa wazi, redio iliyokufa ya Hasani na ile iliyoganda ya Agapiti, simu zilizolia, na mara alizokwenda kuomba msaada na jibu alilopewa. Saleh aliinamisha kichwa muda wote. Mwishoni alipoulizwa kama ni kweli, alisema ndiyo, kwa sauti ambayo ilibidi aambiwe airudie.

Makrina alinyang'anywa leseni. Saleh aliondolewa kazini. Mnara ukafungwa mpaka wapatikane watu wa kutosha, na ndege za wageni zikaanza kutua kwingine. Hemedy alifungwa miaka mitatu. Makrina alikwenda mahakamani akaeleza alivyokatwa, hakupunguza wala hakuongeza. Hakumwombea msamaha, kwa sababu bega lilikuwa linamuuma kila usiku na hakutaka kusema uongo. Alisema tu kwamba yule mtu alikuwa ametoka kumfunika kaka yake. Hakimu aliandika.

Kabla ya hayo ya mahakamani, siku ya arobaini ya Hasani, Makrina alikwenda Mtua. Ramadhani alimkataza, akaona hasikii, akamsindikiza kwa pikipiki, mbavu zake mwenyewe bado hazijapona. Walipoingia kijijini bonge la udongo mkavu likampata Ramadhani mgongoni. La pili likapasukia kwenye tanki la mafuta. Makrina akateremka, akatembea kwa miguu katikati ya watu, mpaka uani kwa Hasani.

Mwanawetu, mjane wa Hasani, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Makrina alisimama nje ya mkeka, akavua viatu.

"Mimi ndiye Makrina, mama."

"Nakufahamu. Marehemu alikuwa anakupelekea muhogo wangu." Hakupandisha sauti. "Nina swali moja. Wale wa ukumbini walisema maneno mengi, Kiswahili chao kirefu, sikuyashika yote. Ulimsahau kwa muda gani?"

Makrina alifikiri. Wanawake wote walikuwa wanamwangalia mkono.

"Kama muda wa kujaza ndoo moja ya maji."

Mwanawetu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeijaza ile ndoo.

"Na muda wote huo yeye alijua unamwangalia."

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi siwezi kukusamehe. Labda watoto, wakikua. Usije kunibembeleza."

"Sikuja kubembeleza."

Dua ilianza. Makrina alibaki amesimama juani mpaka mwisho, mkono ukimpwita ndani ya kitambaa. Ilipoisha, wanawake walianza kugawa ubwabwa kwenye masinia. Mwanawetu aliongea jambo na bibi mmoja kwa Kimwera. Yule bibi alisogea kwenye sinia lake, akapapasa mkeka kwa kiganja. Makrina akakaa. Akanawa mkono mmoja, akala na wale wanawake, na hakuna aliyemsemesha.